Mswahili wa Qurus

Kitinda mimba wangu ana miaka sita na huhesabu sukari kwa Kiiraqw. Sheria ya nyumba ni vijiko viwili kwa kikombe. Basi anakaa mkao wa mtu mwadilifu, anachota, anamimina, na anatamka kwa sauti ili baba asikie: wak, tsar. Hapo mimi nageuka kutafuta soksi. Naye anaendelea, sauti ileile, utulivu uleule: tam, tsiyahh. Hizo ni tatu na nne, nazijua, nakohoa kidogo kumpa onyo. Baada ya hapo linafuata neno nisilolijua, halafu lingine, halafu lingine tena, na mimi sina la kusema, kwa sababu Kiiraqw changu kinaishia nne. Mtoto anajua kwamba kinaishia nne. Kuanzia kijiko cha tano yuko nchi huru.

Utaniuliza kwa nini nisitazame vijiko kwa macho. Ndugu msomaji, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwezi wa saba, hapa Qurus, mtu aliyezaliwa Muheza hana macho. Ana meno tu, nayo yanagongana. Karatu iko juu, na baridi yake haina habari kwamba sisi ni nchi ya joto. Watoto wangu wanatoka nje na fulana moja, miguu mitupu, wanacheka. Mimi huvaa koti la kwanza ili niende kutafuta koti la pili.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika nchi nzima, nilitangaza kijiko kimoja kwa kila mtu. Nilidhani hali ngumu itafanya kazi iliyonishinda. Kilichopungua kilikuwa kijiko changu.

Nilikuja huku mwaka 2011 na sanduku la spana, kwa kazi ya miezi mitatu. Magari ya watalii yanakwenda Ngorongoro yakiwa yanang'aa na kurudi yakiwa yanalia, na fundi wa springi hapa Karatu hawezi kulala njaa. Miezi mitatu haijaisha mpaka leo. Nilipopiga simu nyumbani kumwambia mama nimepata mchumba, mtandao siku hiyo ulikuwa unakatika. Nikasema, mama, ni Mwiraqw. Kimya. Kisha nikasikia sauti ya mtu aliyekwisha kukaa chini: "Kule kwenye mabomu?" Nikasema hapana mama, Mmbulu. "Aaa, Mmbulu! Si ungesema." Akashusha pumzi, akauliza kama anajua kukuna nazi.

Hakujua, na hajui. Lakini hilo si la kulalamikia leo. Ninalolalamikia ni kwamba watoto wangu watatu walizaliwa kwa Kiswahili, hospitalini, daktari na manesi wote wakisema Kiswahili, mimi mwenyewe nikiwa nje nimeshika khanga, kisha wakafikishwa nyumbani wakapokewa kwa Kiiraqw. Tangu siku hiyo hatujakutana sawasawa.

Nyumba yangu na ya mama mkwe zinatenganishwa na ua wa minyaa. Kwetu mtu akijenga ukweni huulizwa kama kwao kumeungua, lakini ukishaoa mtoto wa mwenye shamba, na shamba lenyewe lina nafasi, na kodi ya chumba Karatu mjini unaijua, unanyamaza unajenga. Ule ua una tundu. Halikutobolewa na mbuzi. Lilitobolewa na kifungua mimba wangu alipoanza kutambaa, wa pili akalipanua, kitinda mimba amelikuta barabara kuu. Upande wa kwangu wa tundu ni Kiswahili. Upande wa pili mtoto akishapitisha kichwa, miguu ikiwa bado kwangu, lugha imeshabadilika.

Najitetea. Anayejua Kibondei, ukimweka na Msambaa au Mzigua, baada ya chai ya kwanza watasikilizana. Kiiraqw hakina ujirani wa namna hiyo na sisi. Ni lugha ya Kikushi, ndugu zake ni Kisomali na Kioromo, kimeshuka kutoka kaskazini karne nyingi zilizopita na kikakaa kwenye milima hii kimya kimya kikitusubiri sisi tutoke pwani tuje kuaibika. Lichukue jina la kijiji tu. Herufi ile ya kwanza ya Qurus si k. Ni k iliyomezwa, ikafika kooni, ikajuta, ikataka kurudi. Kaka yangu wa Tanga akinitumia mzigo huandika Kurusi, na kondakta mmoja aliwahi kumwambia kuwa huko basi lake haliendi, ni nje ya nchi. Mwanangu wa katikati alipokuwa na miaka saba aliamua kunifundisha. Akaniketisha, akanishika shingo. "Baba, fanya kama unataka kutapika, lakini usitapike." Nikafanya. Mama yao akatoka jikoni na ndoo.

Ile "tsiyahh" ilinichukua mwaka na nusu, na hadi leo nikiitamka mama mkwe hunitumia tangawizi.

Mbaya zaidi, Kiiraqw nacho kinalo neno baba. Kama kisingekuwa nalo ningeishi kwa amani. Sasa wamekaa watatu kwenye kizingiti, wanamenya mahindi, mazungumzo yanatiririka, sisikii kitu, halafu katikati: baba. Kicheko. Yanaendelea. Baba tena. Kicheko kirefu zaidi, na kitinda mimba anaangukia upande. Nauliza, mnasema nini? "Hamna, baba." Hiyo ya mwisho ni kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Na nikihitaji kuzungumza na mama mkwe kwa jambo lililozidi shikamoo, marahaba na habari za ng'ombe, wakalimani ni haohao. Kiswahili mama mkwe anakisikia, ila hataki kukitumia kwa mambo ya maana, anakiona ni lugha ya mnadani. Nami sina mkalimani asiye na maslahi. Bibi atasema maneno ya dakika nzima, mkono ukinyooshwa shambani, ukirudi kifuani, na kitinda mimba atanigeukia na uso mtulivu: "Bibi anasema tununuliwe soda."

Nikifika hapo lazima nieleze habari ya shati.

Sare ya shule za msingi za serikali ni shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu. Aliyeichagua hiyo nyeupe sina ugomvi naye binafsi, ila najua jambo moja juu yake: hakuwahi kutembea Karatu, si kiangazi wala masika. Udongo wa huku ni mwekundu. Kiangazi unaruka, masika unashika. Mtoto akitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu na shati la rangi ya maziwa, saa nane anarudi na shati la rangi ya tofali, na hakuanguka, hakucheza mpira, alikwenda shule tu akarudi. Mama yao anafua kwa sabuni ya kipande, anafua kwa ya unga, anatia bluu, anaanika, upepo unapita. Nimewahi kupendekeza kwenye kikao cha wazazi kwamba sisi tupewe sare ya udongo moja kwa moja, tuokoe sabuni. Mwenyekiti alisema hoja imepokelewa. Hiyo ni lugha nyingine nisiyoielewa.

Sasa, huku Karatu kuna kijiji kinaitwa Gongali. Mtoto wa hapo, Dk. Askwar Hilonga, alisoma akafika mbali, akawa mhadhiri katika Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, akatengeneza chujio la maji linalochanganya mchanga na vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2015 taasisi ya wahandisi ya Uingereza, Royal Academy of Engineering, ilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika, aliyeshinda ni yeye. Kampuni yake akaipa jina la kijiji. Ni habari njema, na shuleni huwa wanawasimulia watoto ili wapate moyo. Mimi ningeshauri wasimulie kwa kiasi.

Maana mwanangu wa katikati alipata moyo. Ilikuwa Jumamosi ya mnada, mama yao yuko Karatu mjini, mimi nimelala chini ya gari la jirani. Nilipoinuka nikakuta mtambo uani. Chini, ndoo yangu ya oili. Juu yake chujio la chai la mama yake, lililofungwa kwa waya wa breki. Ndani ya chujio, mkaa uliosagwa. Juu ya mkaa, mchanga. Na juu ya mchanga, limetandazwa vizuri, limebanwa kwa vibanio vya nguo pande zote nne, shati jeupe. Jipya. La Jumatatu. Mwanasayansi mwenyewe yuko kifua wazi, anamimina maji ya lambo kwa kopo, taratibu, kama padri.

Maji yaliingia na rangi ya chai ya maziwa. Yakatoka na rangi ya chai ya rangi. "Umeona, baba?" akasema. "Maziwa yameondoka."

Kabla sijapata la kusema tukasikia minyaa inakatika, bibi anapita tundu la watoto, jambo ambalo hufanya akiwa na haraka. Akasimama mbele ya mtambo. Akalitazama shati. Akasema. Alisema kwa muda mrefu, na mara mbili nilimsikia akinitaja, na mara tatu alimnyooshea mtoto kidole. Nikamgeukia mkalimani wa zamu, ambaye ndiye mtuhumiwa. Akameza mate.

"Bibi anasema hata yule wa Gongali alianza na shati."

Nikaguswa. Nasema kweli. Nikamtazama mama mkwe kwa heshima mpya, nikamshukuru kwa Kiswahili, naye akanitazama kwa mshangao, nikadhani ni unyenyekevu. Nikamtoa kijana mpaka dukani nikamnunulia soda kwa ajili ya sayansi. Jioni mama yao aliporudi nikamsimulia jinsi mama yake alivyo mtu wa kuona mbali. Akaenda kwa bibi, akarudi amejishika mbavu. Mama mkwe alisema hivi: shati lile alilinunua yeye, kwa fedha ya mbaazi zake, mtoto alifue mwenyewe mpaka lirudi kuwa jeupe, na huyu Mswahili amesimama tu hapo anatabasamu, ana matatizo gani?

Shati halijarudi kuwa jeupe. Soda hairudi.

Mswahili ni mimi. Pwani hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Wabondei tunajiita Wabondei, na Waswahili ni wale wa mjini kabisa, Tanga na Pangani. Nimepanda gari mpaka Karatu ndiyo nimepandishwa cheo. Ukiwa Mswahili hapa maana yake unaongea sana, unaogopa baridi, na ukiahidi jambo watu husubiri waone. Watoto wangu wanalijua neno hilo na wanalitumia kwa uangalifu, kama dawa kali. "Baba ametuambia tutaenda," anasema wa katikati. "Baba Mswahili," anajibu dada yake, na mjadala unafungwa.

Safari yenyewe inayosubiriwa ni ya kreta. Kila siku nashika magari yanayoshuka mle. Ngorongoro naijua kwa matope yake: nayakwangua kwa bisibisi chini ya chesisi, ya ukingoni mekundu na mazito, ya chini kabisa yana majivu na yanatoka kama keki. Kwa matope naweza kukuambia dereva alipita wapi na kama alikuwa na haraka. Simba sijawaona. Wa katikati alirudi siku moja na daftari la shule. "Baba, Ngorongoro ni urithi wa dunia tangu 1979."

"Ndiyo, mwanangu."

"Dunia ni pamoja na sisi?"

Nikamwambia tutaenda mwezi wa kumi na mbili. Mwaka sikuutaja. Akamgeukia dada yake wakasema mambo yao, nikasikia baba, na safari hii hakuna aliyecheka.

Shuleni kwenyewe nako kuna lugha yake, na inazungumzwa alfajiri. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na mimi ni mmoja wa waliopiga makofi. Lakini fagio halikufutwa. Mtoto anarudi saa nane mchana, anakula, anacheza, anapitia tundu anakwenda kwa bibi, anarudi, anasali, analala. Saa kumi na moja na nusu, giza totoro, anasimama mlangoni kama mjumbe wa msiba. "Baba, leo tunatakiwa tupeleke fagio." Wiki inayofuata ni ndoo. Wiki inayofuata ni mahindi debe moja na maharage kilo kumi za chakula cha mchana, hayo sina neno, watoto wale. Lakini fagio la chelewa! Mimi nimekulia chini ya minazi. Chelewa kwetu unazisukuma kwa mguu zisikuzibe njia. Leo natoa noti kununua chelewa zilizosafiri barabara ileile niliyokuja nayo, pengine kutoka shamba la mjomba wangu, na muuza duka ananiambia eti zimepanda kwa sababu zinatoka mbali. Najua zinatoka mbali. Hata mimi natoka hukohuko.

Halafu kuna hili la mtaala. Mwaka 2024 kifungua mimba wangu alikuwa darasa la nne, mdogo wake la tatu. Mwaka huohuo mtaala mpya ulianza, darasa la tatu likiwamo, wala haukugusa la nne. Wa mtaala mpya elimu yao ya msingi ni miaka sita. Wa zamani ni saba. Chukua kalamu. Mdogo anamaliza la sita mwaka 2027. Dada yake anamaliza la saba mwaka 2027. Siku moja, mahafali mamoja, na yeye kamtangulia mwaka mzima. Aliponiletea hesabu hiyo alikuwa ameshaipiga mara tatu, ameikokotoa nyuma ya daftari na kupigia mstari. "Baba, mimi nimeongezewa mwaka kwa kosa gani?" Sikuwa na jibu, nikasema yeye atakuwa amejua zaidi. Akamtazama mdogo wake aliyekuwa anajaribu kumfundisha kuku kupanda baiskeli. "Zaidi kiasi gani?" akauliza.

Mimi kilio changu ni kingine. Januari 2028, magodoro mawili. Matranka mawili. Madebe ya mahindi mara mbili, jozi za viatu mara mbili, mafagio mawili. Nilikuwa nimepanga kuwasomesha kwa zamu.

Mwaka jana gari moja liliharibika springi karibu na kwetu, likavutwa mpaka uani kwangu. Ndani alikuwamo binti wa Kizungu, mwanafunzi wa chuo huko Ulaya, anafanya utafiti. Nikamwekea kiti kivulini nikaingia chini ya gari. Baada ya dakika kumi nasikia mama mkwe anacheka. Si kawaida. Nikatoa kichwa. Binti yuko kwenye tundu la minyaa, wameshikana mikono, na kinachomtoka mdomoni ni Kiiraqw. Q inashuka mahali pake. Hh inapuliza. Tl inatoka pembeni mwa ulimi kama maji ya mfereji. Nikauliza amekaa nchini muda gani. Miezi mitano. Akanionyesha vitabu. Mholanzi aitwaye Maarten Mous alichapisha sarufi nzima ya Kiiraqw mwaka 1993, na mwaka 2002 wakatoa kamusi yeye, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mjerumani Roland Kießling. Nikaipokea ile kamusi kwa mikono yenye grisi, moyo unadunda, nikasema leo ndiyo leo. Nikafungua. Maneno yote yamefafanuliwa kwa Kiingereza. Nikaifunga, nikaifuta, nikamrudishia.

Alipoondoka watoto walisimama barabarani mpaka vumbi likatulia. "Baba," akasema kitinda mimba, "yule anajua mpaka elfu." Usiku nikamuuliza mama yao, bibi alisemaje kuhusu mgeni? Hakutaka kusema. Nikamsihi. Akasema, mama amesema maneno mawili tu: kumbe inawezekana.

Nilitaka niishie hapo, niwe nimelalamika kama nilivyoanza. Lakini kuna jambo la simu.

Mimi nami ninayo lugha. Jumapili jioni mama alikuwa ananipigia kutoka Muheza, na mtandao wa kwetu unashika vizuri chini ya mgrivelia ulio pembeni ya choo, basi ninasimama pale, mkono mmoja kiunoni, nasema Kibondei kwa sauti ya mtu aliye shambani. Nacheka kicheko ambacho hapa nyumbani hawakijui. Watoto walikuwa wanakuja kukaa kwenye kizingiti kunitazama, kimya, wote watatu, kama wanaoangalia televisheni. Kitinda mimba akiwa na miaka mitatu alikuwa anachukua gunzi, analiweka sikioni, anakwenda chini ya mgrivelia, anaweka mkono kiunoni, anapiga kelele za ajabu na kucheka. Dada yake alipomuuliza anafanya nini alijibu anaongea lugha ya simu. Hivyo ndivyo walivyoielewa. Ipo lugha ya bibi, ipo lugha ya shule, na ipo ya simu, ambayo baba anaijua kwa sababu simu ni yake.

Sikuwafundisha. Nilijiambia watajifunza tukienda Muheza, mama atawafundisha, mambo ya lugha ni ya bibi. Tumekwenda mara mbili. Mara ya pili hapakuwa tena na wa kuwafundisha.

Miezi kadhaa baadaye, Jumapili, nilikuwa nimekaa nakaza kiti kilicholegea. Kitinda mimba akaja akasimama mbele yangu. "Baba, mbona siku hizi huongei ile ya kwenye simu?"

Nikamwambia vocha imeisha.

Akaenda. Nikamsikia anaongea na bibi upande wa pili wa minyaa, kwa muda, na safari hiyo nilitajwa sana. Akarudi na sarafu ya shilingi mia mbili, akaiweka juu ya goti langu, juu kabisa ili isidondoke. Vocha ndogo inaanzia mia tano, lakini sikumwambia. Ninayo mpaka leo, imo kwenye sanduku la spana, kwenye kijitundu cha nati ndogo.

Asubuhi iliyofuata alirudi kwenye sukari, wak, tsar, tam, tsiyahh, na kupita zake.

Sasa ombi. Nimekwisha kumwuliza mama yao namba zinazofuata. Akacheka, akasema waulize watoto. Watoto wamenipa namba, kila mmoja za kwake, na hazifanani. Mama mkwe siwezi kumwendea, kwa sababu mkalimani wangu ndiye mla sukari. Kwa hiyo wewe msomaji unayekijua Kiiraqw, Mmbulu wa Karatu, wa Mbulu, wa Hanang, popote ulipo, niandikie kuanzia tano mpaka kumi, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi. Usimpe mtoto yeyote aniletee, hata akikuambia ametumwa na baba. Ipeleke gereji, mkononi mwangu. Na ufanye hima, sukari iliyobaki ndani ni robo kilo.